Petroli Iliyolala

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mashine kubwa ya kukata majani imegoma. Leo, siku ambayo jua limechungulia kidogo na majani ya loji yamefika magotini! Sankale, kijana wetu wa kazi, amevuta kamba ya kuwashia mpaka kiganja kimechubuka. Injini inakohoa, inanyamaza. Inakohoa, inanyamaza. Agnela, meneja wa loji, amesimama kwenye ngazi na kikombe chake cha kahawa. Anatazama saa yake. Afadhali angefoka.

Tumeipakia kwenye kirikuu, kigari chetu cha mizigo, tukarudi nayo nyumbani Kikwe. Baba ameifungua mwenyewe uani. Ndani ya kabureta — utelezi wa rangi ya chai, umeganda kwenye vitundu kama utomvu. Akanusa. Akasema imelala.

Petroli iliyolala. Kwa Baba hilo ni kosa kubwa kuliko ulevi. Tangu akiwa fundi wa karakana ya shamba la kahawa, kabla hajastaafu na kuanzisha kazi hii ya kukata majani, sheria zake ni zile zile. Nunua kidogo, itumike iishe. Dumu lifungwe vizuri, likae kivulini. Ikishakaa sana isirudi kwenye tangi, hata ukiichuja — kitambaa kinatoa uchafu, hakitoi uzee. Na mashine isiyotumika ifungwe koki ya mafuta, iachwe iungurume mpaka izimike yenyewe, kabureta ibaki kavu. Niliyakariri hayo kabla ya Amri Kumi.

Akauliza nani amejaza mafuta ya zamani. Akamtazama Sankale. Na mimi nikamtazama Sankale.

Tumefanya naye kazi miaka mingi. Baba ndiye aliyemfundisha kushika spana. Juzi tu ametoka msibani kwao Kisongo, kumzika mjomba wake, nikadhani labda akili bado iko huko. Alisema hajui. Akaenda kunawa mikono.

Alhamisi, 8 Mei

Sasa ni mashine ya kufyekea, ile ya begani. Hii haina oili yake pembeni. Inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, basi. Dumu jekundu — petroli tupu. Dumu la kijani — mchanganyiko. Hata mgeni hawezi kupotea.

Sankale alikuwa anafyeka ukingo wa barabara. Mashine ikapiga ukelele mkali, ikakata. Kamba haivutiki tena. Imenoki, imekwama ndani.

Nimeipeleka kwa Hans, fundi wa Usa River. Amefungua silinda, akanionyesha mikwaruzo kwa kucha. Anasema imekunywa petroli kavu, oili hakuna hata tone. Amenipa pole kama aliyeona maiti.

Sankale anaapa kwamba alimimina kutoka dumu la kijani. Baba akawaka. Mchanganyiko ule aliufanya jana kwa mkono wake, hakuna wa kumfundisha habari za petroli. Sauti ikawaleta majirani — Mama Eliya, Mzee Ephraimu balozi wetu, na watu waliokuwa wanapita kutoka mashine ya kusaga na unga wao. Mbele yao wote Baba akamwambia:

"Wewe ni mwongo. Nimelea mwongo."

Wakati wa kuaga Sankale aliinamisha kichwa ili Baba amguse, kama afanyavyo kila jioni. Ndivyo walivyolelewa kwao. Baba alikuwa ameshageuka.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani. Mvua ilipiga mabati hata mahubiri hayakusikika. Baba aliimba nyimbo zote bila kitabu, beti kwa beti, kwa ile sauti yake nzito ya chini.

Tulipotoka alimpa mchungaji mkono. Tukatembea hatua chache, akarudi kumpa mkono tena, na maneno yale yale, na furaha ile ile ya kumwona. Mchungaji akacheka. Nami nikacheka. Uzee. Mama angekuwa hai angemtania mpaka leo jioni.

Jumanne, 13 Mei

Nimemwachisha kazi Sankale.

Mashine kubwa tena. Hans alikuwa ameisafisha, jana imekata vizuri, leo imekohoa katikati ya uwanja na kufa. Nikafungua koki, nikakinga mafuta kwenye chupa ya glasi. Juu petroli, chini maji. Maji! Magari ya wageni yanapita kwenda Momela kutazama flamingo, na watu vichwa nje wanatuangalia sisi.

Agnela aliniita pembeni. Akasema atatafuta watu wengine kwa sasa, mpaka tujipange. Alisema kwa upole. Upole wake ndio umeniuma.

Sikusubiri kufika nyumbani. Nilimwambia Sankale pale pale kando ya barabara kwamba basi, imetosha. Sijui kama nilipiga kelele. Nadhani nilipiga. Alivua mabuti ya kazi, akayafuta matope kwa majani, akayaweka nyuma ya kirikuu. Ndipo akasema:

"Dada Huruma, uliza na nyumbani."

Nikamwambia asiniingilie nyumba yangu. Akaondoka kwa miguu kuelekea Usa River, viatu vya tairi mkononi, mvua inaanza. Sikumwita.

Baba nilipomwambia, alisema ni sawa, mwongo hafai. Baadaye tunakula loshoro, makande yetu ya maziwa mgando, akaangalia kigoda kitupu, akauliza Sankale yuko wapi mbona chakula kinapoa.

Alhamisi, 15 Mei

Nafyeka mwenyewe. Kiwanja cha kanisa, na mashine ya kuazima. Mgongo. Mabega. Viganja vimetoka malengelenge.

Kitu kimoja. Jana nilichanganya mafuta mimi mwenyewe, nikaacha dumu la kijani nusu. Asubuhi nimelikuta limejaa.

Nimeliweka pembeni, nikanunua mengine. Labda nimekosea. Labda nilijaza nikasahau, kwa uchovu huu. Hapa nyumbani tupo wawili tu.

Sitaki kuandika zaidi.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua ilinifukuza kazini mapema. Nimefika nyumbani, mlango wa stoo uko wazi.

Baba alikuwa ndani. Ameketi kwenye kigoda, amevaa koti la bluu la karakana — sikujua hata kama bado lipo. Hakunisikia. Nikasimama mlangoni kama mwizi.

Alikuwa anafanya kazi. Amefunga kitambaa safi kwenye faneli, anamimina polepole, hamwagi hata tone. Mikono ile ile niliyoitazama tangu utoto. Ila alichokuwa anamimina ni petroli ya zamani, ile iliyogeuka rangi, tuliyoitenga nyuma ya stoo isitumike. Anaichuja, anairudisha kwenye dumu jekundu. Kisha jekundu kwenye kijani. Kisha akachukua dumu tupu, akalisuuza kwa maji ya pipa la mvua, akalitikisa, na bila kulikausha akalijazia mafuta. Kila kitu kwa utaratibu, kifuniko kimefungwa, ukingo umefutwa.

Nikaita, Baba.

Sisi tukiwa wawili ni Kimeru tu. Tangu nizaliwe. Akageuka, akanijibu kwa Kiswahili — Kiswahili cha ofisini, cha heshima:

"Subiri kidogo, dada. Umetoka idara gani?"

Akanieleza kwamba mafuta ya kampuni hayatupwi ovyo, kwamba uvunaji wa kahawa umekaribia na mashine zote lazima ziwe tayari. Akanionyesha madumu aliyoyapanga mstari. Alikuwa na fahari. Muda mrefu sijamwona na fahari namna ile.

Nikasema asante. Nikaenda nyuma ya banda la ng'ombe, nikasimama kwenye mvua. Niliona mabuti ya Sankale pale ukutani, yamefutwa, yanangoja mtu.

Baadaye nikasikia sauti ya Baba kutoka mlango wa jikoni, kwa Kimeru, Huruma, utalowa, ingia ndani.

Jumapili, 18 Mei

Sikwenda kanisani. Nimempigia Gadiel, kaka yangu, Dodoma. Mwanzo alisema wazee wote husahau, nisikuze mambo. Kisha akaniambia kwamba Krismasi, walipokuwa wanatembea shambani, Baba alimwita kwa jina la baba mdogo. Baba mdogo aliyekufa zamani. Na akamwuliza kama ng'ombe wamerudi.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Anasema hakutaka kunitisha.

Nimemtazama Baba mchana kutwa. Alikuwa mzima kabisa. Alinikosoa jinsi nilivyomenya ndizi.

Jumanne, 20 Mei

Hospitali. Daktari ni binti, mdogo kwangu. Baba alimwitikia shikamoo yake vizuri, akamwuliza ni wa ukoo gani. Aliombwa ataje mwezi — akasema huu ni wakati wa mvua, inatosha kujua hivyo. Aliombwa achore saa. Tarakimu zote zikarundikana upande mmoja kama kuku wanaokimbia mvua. Alitazama mchoro wake muda mrefu, akaufunika kwa kiganja.

Daktari akamwuliza kazi aliyofanya. Hapo akaeleza namna ya kusafisha kabureta, mwanzo mpaka mwisho, hakuruka kitu.

Mimi niliambiwa nje. Ni ugonjwa wa kusahau. Dawa zipo za kupunguza kasi, za kuurudisha nyuma hakuna. Kuna siku atakuwa mwenyewe, kuna siku hapana. Niondoe karibu naye vitu vya hatari. Nilipotaja petroli aliacha kuandika, akaniuliza kama nyumbani tunapikia kuni. Tunapikia kuni.

Baba kwenye benchi akauliza wamesema nini. Nikasema presha. Akasema presha alikuwa nayo mama yangu, lazima nimerithi wasiwasi wake. Tukavuka barabara. Alinishika mkono — yeye ndiye aliyekuwa ananivusha mimi.

Alhamisi, 22 Mei

Nimekwenda Kisongo.

Nimeuliza uliza mpaka nikafika bomani kwao. Mama yake, Sabina, alinipa chai ya maziwa. Hakuketi nami. Sankale alikuwa amepeleka ng'ombe kunywa maji; nikamngoja, na mkewe Namnyaki akipita na kurudi bila kunitazama.

Alipofika nilimwambia nimekuja kuomba msamaha. Nikamweleza nilichokiona stoo. Hakushangaa. Hapo ndipo nilipojua.

Alikuwa anajua. Tangu kabla ya Krismasi. Kila asubuhi alikuwa anawahi kufika kabla yangu, anauondoa mchanganyiko wa Mzee, anachanganya mwingine, anakausha madumu, anarudisha kila kitu kama Mzee alivyokiacha. Miezi yote hiyo! Na mimi nikijisifu kwamba mashine zetu hazisumbui. Kisha akaenda kumzika mjomba wake, na siku zile ndizo petroli iliyolala iliingia kwenye mashine kubwa. Na tangu siku ile mimi na Baba tulipomtazama uani kama mkosaji, aliogopa kukutwa stoo peke yake. Akaacha.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Mzee ndiye aliyenifundisha kazi," akasema. "Ningeanzaje kusema hajui?"

Nilimwomba arudi. Angerudi, nilimwona usoni. Lakini mama yake akatoka ndani. Alisema, kwa Kiswahili cha kuchagua maneno, kwamba jina la mwanawe lilivunjwa mbele ya watu, na habari imeshafika hata Kisongo, kuna aliyemwuliza sokoni kama ni kweli kijana wake anaharibu mali za watu. Jina hilo lirudishwe mbele ya watu wale wale. Na mdomo ule ule uliolivunja.

Nikamwambia Baba ni mgonjwa, hakumbuki alichosema.

"Basi mkumbushe," akasema.

Ana haki. Njia nzima nilitafuta namna ambayo hana haki, sikuipata.

Ijumaa, 23 Mei

Nimeweka kufuli stoo. Baba amesimama mlangoni asubuhi nzima. Kwanza aliomba ufunguo. Kisha akasema kuna mwizi amebadilisha kufuli. Kisha akaokota jiwe.

Nilimshika mkono. Ana nguvu bado. Tulisukumana — mimi na Baba yangu, uani, Mama Eliya anatazama juu ya ua. Jiwe likaanguka. Akaniambia atanishtaki kwa meneja wa shamba la kahawa.

Mama Eliya ameleta maziwa jioni. Hakuuliza. Nilitaka aulize.

Jumamosi, 24 Mei

Leo jua. Mlima umejifunua wote mpaka kileleni, mara ya kwanza mwezi huu. Baba alikuwa ameketi barazani anaota joto, na nilipomsalimia nikajua — leo ni yeye. Macho yalikuwa yake.

Akaniuliza, kwa Kimeru, kufuli lile la nini.

Nilikuwa nimepanga kusema presha, au wezi. Nikamwambia ukweli. Wote. Stoo, koti la bluu, maji ya pipa, dumu jekundu kwenye la kijani. Daktari. Sankale na asubuhi zake. Sikulia mpaka nilipofika kwa Sankale.

Alisikiliza akiangalia viganja vyake. Akauliza kama Hans aliona silinda kwa macho yake. Nikasema ndiyo. Akauliza mikwaruzo ilikuwa upande gani, nikamwambia. Akatikisa kichwa kama fundi, siyo kama mgonjwa. Mikwaruzo ya upande huo ni ya kukosa oili, akasema, hakuna ubishi.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ndiyo, Baba."

"Na mtoto wa watu nikamwita mwongo."

Ng'ombe analia bandani, hakuna anayekwenda. Mwishowe akasema niwaite wote waliosikia siku ile. Kesho baada ya ibada. Na Sankale, na mama yake. Atasema mwenyewe. Akaniambia niharakishe, maana hajui kesho ataamka nani.

Kisha akainuka akaniambia nifungue stoo. Akayatoa madumu mwenyewe, moja moja, akayapakia kwenye kirikuu yapelekwe kwa Hans. Yalipoondoka alibaki amesimama getini, mikono imening'inia, haina cha kushika.

Nimempigia Sankale. Nimezunguka kwa majirani. Mzee Ephraimu amesema atafungua kwa sala. Kila nyumba wamekubali kuja, na kila nyumba wameniangalia kwa huruma kabla sijamaliza kusema. Walikuwa wameshaona. Ni mimi, ninayeishi naye, ambaye sikuona.

Jumapili, 25 Mei

Wako nje. Naandika haya jikoni, nimesimama, daftari juu ya mfuniko wa debe la unga. Nimesema nakuja kutazama chai.

Asubuhi Baba alivaa suti bila kusaidiwa. Kanisani alikuwa kimya. Sikujua kimya kile ni cha nani. Njiani nilimwuliza kama anakumbuka wanaokuja nyumbani leo. Akasema anakumbuka, akanipiga begani kidogo. Nikaamini. Nilitaka kuamini.

Wamekuja wote. Mabenchi ya kanisa, viti vya Mama Eliya, wengine wamesimama kando ya ua. Sankale na mama yake wametoka Kisongo alfajiri; Sabina amevaa shuka jipya na shanga za sikukuu, ameketi mbele kabisa. Sankale ameketi pembeni yake, anatazama chini.

Mzee Ephraimu aliomba sala fupi. Kisha akasema, mwenye nyumba ana neno.

Baba akasimama. Tai imenyooka. Akawatazama mmoja mmoja, polepole, mpaka akafika kwa Sankale, na macho yakatulia pale. Nilishika ukingo wa kiti.

Akasalimia kwa mpangilio, wazee kwanza. Akawashukuru kwa kuacha shughuli zao. Akainama kwangu, akaninong'oneza kwa Kimeru:

"Huruma, nani amefariki?"

Nikamwambia hakuna, Baba. Hakuna aliyefariki. Akanitazama kama ninamficha jambo ili asiumie. Akanishika bega kunituliza. Akasimama wima, akawageukia watu, na kwa ile sauti yake ya chini ya kanisani akasema:

"Poleni sana na msiba."

Hakuna aliyecheka. Mama Eliya akaitikia, asante, mzee. Na wengine wakaitikia, mmoja mmoja, asante, asante. Baba akaketi, akafuta macho kwa kitambaa chake.

Ndipo nikakimbilia huku.

Lazima niseme mimi. Nitoke na birika, nisimame mbele yao, naye ameketi pale anasikia, nimtaje jina na kila alichofanya. Jana alikuwa tayari. Leo aliyeketi pale hajui alikuwa tayari. Nikimsema, nitakuwa nimemwaibisha mtu asiyejua kosa lake, mbele ya watu waliokuja kwa sababu yeye mwenyewe aliwaita.

Sankale amekuja mlangoni sasa hivi. Amesema, "Dada, niache tu. Imetosha. Tunywe chai twende nyumbani."

Mama yake alikuwa nyuma yake. Yeye amesema, "Aseme."

Wamerudi kuketi, wote wawili. Birika limechemka, linamwagika motoni. Huko nje namsikia Baba anamwuliza Mzee Ephraimu, kwa heshima, marehemu ni mtoto wa nani. Hakuna anayemjibu.